Saa Isiyokosea

Jumamosi, 2 Machi

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, na nikimaliza kuliandika nitaukunja ukurasa nisiuone tena: leo nimekubali kumpeleleza baba yangu.

Sikulazimishwa. Mama aliuliza mara moja tu, "Si wewe ndiye unayeijua lugha yao?" nami nikaitikia kwa kichwa, kama kawaida yangu. Mdomo wangu mzito. Kichwa ndicho chepesi.

Habari yenyewe ni hii. Mwezi uliopita daktari alimvuta mama kando akamwambia kwamba moyo wa baba una tabia ya kuruka pigo, kama mtu anayeruka dimbwi. Akataka baba avae saa inayohesabu mapigo mchana na usiku, ili hali ikibadilika ijulikane mapema. Baba akaonyeshwa moja palepale: nyeusi, ya mpira, kioo kinawaka. Akacheka. Baba ni fundi saa. Ameinamia saa za watu miaka ishirini na sita. Akamwambia daktari, "Mimi sivai televisheni." Baba akishasema hivyo ni kama amefunga duka.

Kwa hiyo leo dada, aliyekuja kwa siku mbili tu kutoka kazini kwake, alinichukua twende tukatafute saa janja iliyovaa nguo za saa ya kizamani. Kumbe zipo. Muuzaji alitutandazia tatu juu ya kitambaa. Ya kwanza ilikuwa na mishale, lakini chini yake kuna kidirisha kinachoonyesha namba. Dada akasema baba ataitambua hata kabla hajaifungua karatasi. Ya pili ilikuwa na uso mzuri wa buluu, ila yataka kuchajiwa kila baada ya siku mbili, na saa gani ya mishale inayolala kwenye umeme? Ya tatu ndiyo. Uso mweupe, namba nyembamba, mishale miwili myeusi, mkanda wa ngozi ya kahawia. Kioo chake kimefichwa ndani ya uso wenyewe, huwezi kukiona mpaka uuguse mara mbili. Betri inakaa wiki sita. Mapigo na hatua inavihifadhi ndani, kisha ikifika karibu na simu yake, hatua kumi na tano hivi, inamwaga yote humo na papo hapo inajirekebishia majira.

Dada alisema nichague mimi, maana mimi ndiye ninayekaa na baba barazani kila alasiri. Nikaigeuzageuza ile ya tatu. Nikasema, tena kwa sauti, "Hii inafanana na saa zote." Muuzaji akadhani naikosoa. Nilikuwa naisifu.

Programu yake imewekwa kwenye simu ya mama, kwa kuwa mimi sina yangu. Imeandikwa kwa lugha ya shule peke yake. Mama husoma lugha yetu tu. Basi mimi ndiye mkalimani wa moyo wa baba. Mama ameshaweka sharti lake: ikisema neno baya hata moja, siku hiyohiyo ile meza ya kazi inafungwa. Na baba alishatuambia zamani, kwa mzaha usiokuwa na mzaha, siku mkinitoa kwenye meza hii nitoeni moja kwa moja.

Jumapili, 3 Machi

Amepewa. Aliiweka sikioni kwanza. Akasema haina sauti. Akajaribu kuvuta kitufe cha pembeni, hakikuvutika. Akauliza mshale wa sekunde uko wapi. Dada akajibu haraka kwamba ni ya betri, ndiyo mtindo wa siku hizi. Baba akamtazama dada, kisha akanitazama mimi, nami nikayatazama makubazi yangu.

Akaivaa. "Nzuri. Asanteni, wanangu."

Baba hajawahi kuiita saa nzuri kabla hajaiona tumboni.

Jumatatu, 4 Machi

Mvua zimeanza. Dada ameondoka. Baba ametoka na sweta lake kubwa, mikono imemfika vidoleni.

Jumatano, 6 Machi

Utaratibu wangu ni huu. Nikitoka shule napita nyumbani, nakula, nachukua simu ya mama na chupa ya chai, nashuka barazani kwa baba nifanye kazi za shule mpaka afunge. Baraza lenyewe ni ngazi tano juu ya barabara. Kuna meza, taa yenye shingo ndefu, vidroo vya misumari midogo kuliko chawa, na ukutani saa kubwa ambayo baba anaiita Hakimu. Saa zote hupelekwa mbele ya Hakimu.

Leo nilisubiri baba ainamie kazi na kioo chake cha kukuza jichoni, nikafungua programu chini ya daftari. Duara likazunguka, zunguka, kisha mistari ikajichora. Mapigo ya baba! Yanapanda, yanashuka, kama vilima kwenye ramani. Na hatua: elfu kumi na moja kwa siku moja. Kumbe asubuhi anatembea kama daktari alivyomwagiza, anatuficha tu asionekane amekubali. Nilitaka kulia kwa furaha.

Mjomba Mwendo alikuwepo. Si mjomba wangu wa damu. Ni mpeleka vifurushi, hutembea kwa miguu mji mzima, na baina ya safari moja na nyingine hupumzika kwenye ngazi zetu. Mwendo ni jina la barabarani. La kwao silijui. Baba humtumia kupimia saa. Ana kanuni yake: saa haijapona mpaka itembee. Saa aliyoitengeneza, au yoyote ngeni asiyoiamini, lazima ikae kwenye mkono wa mtembezi, kila jioni ipelekwe mbele ya Hakimu, na haitarudi kwa mwenyewe mpaka imemaliza kutembea. Leo Mwendo alikuwa na mbili kushoto na moja kulia, chini ya koti la mvua. Mtu akimuuliza saa ngapi, hujibu, "Kwa mkono upi?"

Akaniambia, "Unaniona, Bubu? Mimi tajiri wa saa, maskini wa muda."

Ananiita Bubu tangu nikiwa mdogo. Mwingine akiniita hivyo ningeumia.

Jioni mama akauliza saa inasemaje. Nikamwambia ukweli wote. Akanikumbatia.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Mapigo mazuri. Hatua elfu tisa.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Mazuri. Elfu kumi na mbili. Baba ananishinda hata mimi.

Alhamisi, 14 Machi

Leo pameandikwa kitu chini ya mistari, kwa wino mwekundu. Nimekisoma mara nne nikidhani sijaelewa. Kwa lugha yetu ni hivi: Mapigo yasiyo na mpangilio yameonekana, mara moja. Yakiendelea, mwone daktari.

Baba alikuwa mbele yangu, anapuliza vumbi kwenye gurudumu dogo kuliko punje. Alikuwa anaimba puani.

Mama alipouliza, nilisema ametembea vizuri. Ni kweli ametembea vizuri. Nilitafsiri nusu.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Mara mbili.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua. Mara tano. Mama: inasemaje? Mimi: salama.

Jumapili, 24 Machi

Nimekuwa mtu mbaya, naona hivyo. Sasa simwangalii baba, namchungulia. Akikohoa nahesabu. Akiweka kijiko chini kabla ya kumaliza chakula, nahesabu. Leo alipanda ngazi za nyumbani na mfuko wa unga begani. Kama kawaida yake alipumzika ngazi ya nne, akavuta ndara ya mguu wa kushoto, akamaliza. Hakuhema hata kidogo, akaingia anatania. Nikajisemea, anajikaza. Mtu anayejikaza hivyo mbele ya watoto wake ndiye anayeanguka peke yake.

Mama husema mficha maradhi kilio humfichua. Leo hakuisema kwa kunilenga mimi. Alikuwa anamsema jirani. Hata hivyo nilitoka nje.

Kila siku najiambia leo nitasema. Maneno yanafika kooni yanaona mlango umefungwa, yanarudi. Nikimwambia mama, meza inafungwa. Meza ikifungwa, baba hana pa kwenda asubuhi. Nimemwona siku za sikukuu asivyojua pa kuiweka mikono yake.

Jumatano, 27 Machi

Mvua haijakatika tangu Jumatatu. Maji ya mfereji yamepanda mpaka ngazi ya pili ya baraza. Mara saba.

Baba amekuwa na mawazo. Alimaliza dakika nzima mbele ya Hakimu, kisha akasema bila kumwambia mtu, "Kuna saa moja hapa haikosei." Nikamuuliza kwa macho. Akaeleza kwamba ameipima wiki ya nne sasa, haizidi wala haipungui hata nusu sekunde, na katika maisha yake hajawahi kukutana na saa ya namna hiyo. Nikadhani anafurahi.

"Sifurahi, mwanangu. Kila saa ina kosa lake, na mimi nikishalijua kosa ndipo naiamini. Isiyokosea inaficha kitu. Haitoki hapa mpaka nijue ni nini."

Nilidhani ni ya mteja. Nikaendelea na hesabu zangu.

Ijumaa, 29 Machi

Mvua. Mara nane.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua. Mara nane tena. Usiku wa jana mapigo yalishuka, yakapanda kama mtu anayekimbizwa. Asubuhi baba alisema amelala kama gogo. Sasa hata kudanganya anajua.

Jumanne, 2 Aprili

Leo nimesema. Sikusema palipotakiwa.

Nilifika barazani nikakuta namba mpya: hatua elfu kumi na nne kwa siku ya jana, na saa nne asubuhi mapigo mia na hamsini na tisa. Chini yake maandishi mekundu, marefu kuliko siku zote. Mara kumi na moja. Tafuta msaada wa haraka.

Elfu kumi na nne. Nikapiga hesabu. Alasiri yote baba anakaa kitini, namwona kwa macho yangu. Basi ni asubuhi. Na asubuhi nani yuko naye? Mwendo. Mwendo ndiye anayembebesha baba vifurushi, nikaona kila kitu wazi: wanacheka, wanapanda kile kilima cha soko, mmoja ana mapafu ya punda na mwingine moyo wake unaruka madimbwi.

Baba alikuwa ameingia duka la nyuma kutafuta betri. Mwendo akaja, viatu vinatoa maji. Alipanda ngazi mbili akashika nguzo. Akasimama pale muda. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, hilo naliona sasa ninapoandika. Wakati ule niliona mvua tu.

Akasema, "Bubu, nani kaongeza ngazi za mji huu? Zamani zilikuwa tano."

Sikucheka. Nilisimama, na mlango wa koo ukafunguka wenyewe.

"Mjomba, usije tena hapa. Unamchosha baba. Utamuua."

Alinitazama kama mtu aliyepewa kifurushi kisicho na anwani. Kisha akatabasamu, tabasamu la upande mmoja.

"Leo Bubu kasema," akasema. "Nimesikia, mwanangu."

Akavua saa mbili mkono wa kushoto, akaziweka mezani juu ya kitambaa, moja kando ya nyingine, kwa adabu, kama anavyofanya siku zote. Akashuka. Alishuka ngazi moja moja, kama mzee.

Baba aliporudi nilimwambia Mwendo alikuwa na haraka. Mama alipouliza, nilisema salama.

Alhamisi, 4 Aprili

Mwendo hajaja jana wala leo. Baba anaichungulia barabara kila akiinua kichwa. Simu imeandika kitu kipya: Saa haionekani. Nimefunga na kufungua mara kumi. Saa haionekani.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua. Saa haionekani. Nadhani imeingia maji. Namshukuru Mungu, kisha najuta kumshukuru.

Mvulana wa duka la vitambaa alikuja kuulizia kifurushi chake cha tangu Jumatano. Baba akamjibu kwamba Mwendo hajawahi kuchelewesha mzigo wa mtu, labda mafua. Hakukaa chini tena mpaka tulipofunga.

Jumamosi, 6 Aprili

Naandika haraka. Ni alasiri. Niko peke yangu.

Mchana tulikaa kula. Baba alikunja mikono ya sweta anawe. Mkono wa kushoto mtupu. Wa kulia mtupu. Na ngozi ya pale ambapo saa hukaa haikuwa na alama yoyote, wala ile rangi hafifu inayobaki chini ya mkanda.

Nikasikia sauti yangu inauliza, "Baba, saa yako iko wapi?"

Mama akaacha kupakua.

"Ile ya dada yako? Bado inatembea." Akajifuta mikono. "Si ndiyo ile niliyokuwa nakwambia, isiyokosea. Niliivaa siku moja kuwaridhisheni. Kesho yake nikampa Mwendo aipime. Sivai saa nisiyoijua."

Nilichagua saa inayofanana na saa zote. Mwezi mzima ilikuwa mbele yangu, chini ya koti la mvua, nami nikaiona saa ya mteja.

Sikujua kwamba nimeanza kusema. Nilisema yote: daktari, duka, programu, simu chini ya daftari. Nilisema kwamba ilikuwa haikosei kwa sababu kila alasiri simu ya mama ilikuwa inairekebisha palepale barazani, mbele ya Hakimu wake. Mama alijaribu kueleza kuwa ni yeye aliyetaka. Baba akainua mkono, bila hasira. Akavua miwani.

"Lete simu. Soma. Yote, kwa lugha yetu."

Nikasoma. Tarehe kumi na nne, mara moja. Kumi na tisa, mara mbili. Sijawahi kutafsiri vizuri hivyo hata kwenye mtihani. Nilipofika mara kumi na moja, mama alikuwa ameshika kifua chake mwenyewe. Mara zote hizo nilikuwa nimemwambia salama.

"Ulidhani ni mimi," baba akasema.

"Ndiyo."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo."

Nikamwambia na la Jumanne. Nikamwambia neno kwa neno nililomwambia Mwendo, na rangi ya midomo yake, na alivyoshuka ngazi. Nilitaka anipige. Baba akaitazama meza, kama anavyoitazama saa aliyoifungua akakuta kosa si la mashine, ni la mkono wa mtu.

Kisha akavaa ndara zake. Chumba cha Mwendo kiko ng'ambo ya mfereji, nyuma ya kiwanda cha sabuni, juu ya kilima. Mama akamzuia mlangoni, akamwambia mvua hii, moyo huu, apelekwe mtu mwingine. Baba akasema, "Nani mwingine? Saa ni yangu." Akatoka. Mama akakimbia nyuma yake na mwavuli. Simu ameisahau mezani.

Hiyo ilikuwa saa saba na nusu. Sasa ni saa kumi na robo.

Nimeosha vyombo. Nimevikausha. Nimevipanga, nikavipangua. Simu iko mbele yangu. Saa haionekani. Saa haionekani. Nilikuwa namwomba Mungu iendelee kutoonekana, maana ikiwa mbali iko mkononi mwa Mwendo. Baba haipokei saa mpaka imemaliza kutembea. Hiyo ndiyo kanuni.

Simu imelia sasa hivi.

Saa imeonekana.

Duara linazunguka. Mlango wa chini umefunguliwa, nausikia unavyokwaruza sakafu. Mistari inajichora: Jumanne jioni, Jumatano, vilima vya ajabu, kisha bonde. Kisha uwanda. Mrefu, mrefu, mpaka leo saa tisa alasiri. Halafu mapigo yanaanza upya, kwa mwendo mwingine kabisa, kama mwandiko wa mtu mwingine.

Mtu anapanda ngazi. Kila hatua ninayoisikia, namba ya hatua kwenye simu inaongezeka moja. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne, anapumzika. Namba imesimama. Ndara ya kushoto inaburuzwa. Namba imetembea.

Ameivaa yeye.

Nyuma yake viatu vya mama. Mama huongea akipanda ngazi, huzilalamikia ngazi, hulalamikia goti. Haongei.

Mapigo mia na thelathini na mbili. Kwa mara ya kwanza nausoma moyo wa baba yangu. Na chini yake, kwa wino mwekundu, sasa hivi: yasiyo na mpangilio, mara moja.

Nitamwambia mama kabla hajavua viatu. Nitatafsiri yote.

Wamefika. Naukunja ukurasa, nauficha chini ya